Mzee Breki Hajapinga

Kilichomkera Inspekta tangu asubuhi ni kikombe. Kilikuwa juu ya meza ndogo katika chumba cha yule mzee aliyepotea, kina chai nusu, na juu ya chai ukungu ulikuwa umeshatanda kote. Pembeni yake kipande cha mkate nacho kilikuwa kimeshaharibika. Inspekta alikinyanyua kikombe, akakinusa, akakunja uso, akakirudisha palepale.

"Koplo, chai ya jana hii?"

"Afande, huyu ni mwanamume anayeishi peke yake," Koplo akasema. Alikuwa askari mwenye bidii, na kwa bahati mbaya alikuwa na jibu la kila kitu. "Kwangu mimi kuna sufuria imekaa tangu mwezi uliopita."

"Sikukuuliza habari za kwako. Mungu amsaidie utakayemwoa."

Mlangoni alikuwa amesimama dada wa aliyepotea, mkunga mstaafu, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa hajalala, na hakujisumbua kuficha.

"Mdogo wangu halali na kikombe kichafu," akasema. "Hata akiwa na homa ataamka akioshe. Mama yetu alitulea kwa fimbo kwenye mambo hayo."

Koplo akajikohoza. Alimwonea huruma yule mama, lakini mambo yake alikuwa ameshayapanga vizuri, na hakuna kitu kinachomuuma Koplo kama mpango wake kuvurugwa na kikombe. "Mama, nakuelewa. Lakini jana Alhamisi, saa sita mchana, mdogo wako alikuwa mzima, yuko kwenye kompyuta yake, anakubaliana na wenzake mambo ya kazi. Nimeona kwa macho yangu mawili. Jioni ukaja kituoni kutuambia simu yake haipatikani. Kwa hiyo lililompata limempata kati ya mchana na jioni."

Uchunguzi wote ulikuwa umejengwa juu ya maneno hayo. Hospitali zilikuwa zimeulizwa juu ya wagonjwa waliopokelewa kuanzia Alhamisi mchana. Kamera za stendi ya mabasi zilikuwa zimekaguliwa kuanzia Alhamisi mchana, na huko Koplo alimpata mzee mmoja mwenye sweta la kahawia akipanda basi la mbali. Mkuu wa kituo alipoona picha ile alifurahi sana. Mtu mzima amepanda basi kwa miguu yake, hakuna aliyemsukuma, basi faili lifungwe jioni na watu waende nyumbani.

Mkunga alikuwa ameonyeshwa picha hiyo. "Huu ni mgongo tu," alisema. "Migongo ya wazee yote inafanana. Nitafutieni mdogo wangu, jamani. Ndiye niliyebaki naye."

Inspekta alikitazama tena kile kikombe. Kati ya kikombe na Koplo, mmoja alikuwa anakosea, na kikombe hakikuwa na sababu ya kujipendekeza kwa mkuu wa kituo.

"Twendeni tukawaone hao wenzake," akasema.

*

Wenzake walikuwa na chumba kimoja juu ya duka la viatu. Ngazi zilinuka ngozi na gundi mpaka juu. Mkunga alisema magoti yake hayazitaki ngazi zile, akaachwa chini, akapewa kiti na muuza viatu. Ndani ya chumba kulikuwa na meza ndefu, kompyuta, nyaya zilizofungwa kwa kamba, na watu wawili waliosimama haraka askari walipoingia.

Wa kwanza wote walimwita Katibu, mwanamume mnene, mpole, mwenye miwani iliyoshikiliwa na plasta. Yeye ndiye aliyesimamia majadiliano. Wa pili alikuwa binti mwembamba aliyekuwa akila kucha zake. Huyo walimwita Turbo. Na aliyepotea, kwa kuwa alikuwa na kawaida ya kusimamisha kila kinachokwenda mbio, walimwita Mzee Breki. Mwenyewe alilijua jina hilo na alilipenda.

"Nielezeni kazi yenu," Inspekta akasema, akavuta kiti. "Mnielezee kama mnavyomweleza bibi yenu."

Katibu akatabasamu kidogo. "Mtu akiandika programu, inatakiwa ifanye kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote, kubwa au ndogo. Sasa katikati kunahitajika kitu cha kuisoma na kuiendesha. Tunakiita mashine pepe. Haishikiki, yenyewe pia ni programu. Sisi ndio tunaoitengeneza. Hatuuzi. Kila kitu kiko wazi, anayetaka anasoma, anayeweza anarekebisha."

"Mko wangapi?"

"Hapa watatu. Wengine wametapakaa dunia nzima. Wengi hatujawahi hata kuonana sura. Tunajadiliana kwa maandishi."

"Na juzijuzi mlikuwa mnajadili nini?"

Katibu akamgeukia Turbo. Turbo akaacha kucha.

"Ni pendekezo langu," akasema. "Programu ikifanya kazi inaacha takataka, zikijaa kompyuta inakwama. Kwa hiyo ndani ya mashine yetu kuna sehemu ya kufagia. Sasa huyo mfagiaji wetu akitaka kufagia, anasimamisha kila kitu. Ni kama mwenye duka anayewatoa wateja nje kwanza ndipo afagie. Mimi nikasema, hebu afagie huku wateja wamo ndani, kidogo kidogo."

"Linaingia akilini," Inspekta akasema.

"Eeh! Lakini Mzee akasema duka likiwa dogo sana, takataka zitajaa mfagiaji hajamaliza hata kona moja."

"Mkagombana."

"Mzee hagombani. Anapinga." Turbo alicheka, kisha akakumbuka kwa nini askari wamo chumbani, kicheko kikamfia mdomoni. "Anapinga kila kitu, Inspekta. Tangu nimeingia hapa sijawahi kuleta jambo asilipinge. Na si kwa ubaya, anakuandikia sababu kurasa na kurasa. Kazi hii yote nimejifunzia kwenye mapingamizi yake."

Inspekta alinyoosha mkono bila kugeuka, Koplo akamkabidhi karatasi.

"Wiki iliyopita ulimwandikia Katibu hivi: 'Siku huyu mzee akituachia, wote tutapumua.' Ni wewe?"

Binti alibadilika rangi. Katibu akaanza kusema jambo, Inspekta akamnyamazisha kwa kidole.

"Ni mimi," Turbo akasema taratibu. "Nilikuwa na hasira."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Na Katibu. Tulikuwa tunaangalia saa."

"Mnaangalia saa ya nini?"

"Mwisho wa kupinga ulikuwa saa sita. Tulikuwa tunamsubiri Mzee apinge."

"Akapinga?"

"Hapana!" Machozi yakamlenga. "Ndiyo mara ya kwanza. Mimi nilijua amepima mwenyewe, ameona niko sawa. Halafu jioni dada yake anapiga simu eti hapatikani. Inspekta, mimi ningemfanya nini yule mzee? Ndiye aliyenifundisha."

Inspekta aliamini machozi kwa kiasi. Aliamini zaidi mikono, na mikono ya Turbo ilikuwa imetulia juu ya meza, haitafuti pa kujificha. Akamgeukia Katibu.

"Kwa hiyo jana saa sita Mzee Breki alikubali."

"Alikubali, ndiyo."

"Alisemaje?"

Katibu akafungua mdomo. Akaufunga. Akavua miwani yake ya plasta, akaifuta kwa shati.

"Kusema... hakusema."

"Aliandika?"

"Hakuandika."

"Basi alikubali kwa kitu gani, kwa miluzi?"

"Afande, alama ipo!" Koplo akaruka, akaikimbilia kompyuta. "Hii hapa, nilikuonyesha. Mbele ya jina lake kuna alama ya kijani, na saa imeandikwa kabisa, sita kamili mchana. Alama hiyo aliweka yeye."

"Hapana," Katibu akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo inajiweka. Niliipanga mimi." Akaona wote wanamtazama, akaendelea kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Tuko wengi mno, Inspekta. Mwingine ana watoto, mwingine kwake sasa hivi ni usiku. Tukisubiri kila mtu aseme ndiyo, tutazeekea hapahapa. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu. Jambo linawekwa mezani, watu wanapewa muda, na muda ukifika, asiyepinga tunahesabu amekubali. Tumekwenda hivyo miaka yote na hatujawahi kupata shida."

"Hata kama mtu yuko hospitali?"

"Ndiyo."

"Hata kama amekufa?"

Kule chini walisikia nyundo ya muuza viatu ikigonga soli, koo, koo, koo. Turbo alikuwa ameshika mdomo kwa mkono.

Inspekta alijisikia vibaya kwa swali lile, maana watu hawa hawakuwa wabaya hata kidogo. Lakini hakuwa na muda wa kubembeleza. "Neno lake la mwisho," akasema. "Neno la mkono wake mwenyewe. Ni la lini?"

Katibu alikaa kwenye kompyuta, akavaa miwani, akapandisha maandishi juu, na juu tena. Akakomea mstari mmoja.

"Jumanne asubuhi."

"Soma."

"'Kubishana hakutatusaidia. Ngoja nikapime.'" Katibu akageuka kuwatazama. "Basi. Baada ya hapo hakuna."

Koplo alikuwa amesimama katikati ya chumba, akihesabu siku kwa vidole. Kazi yake nzuri yote ya jana, kamera, hospitali, sweta la kahawia, ilikuwa imetafuta siku isiyo yake. Chai ya Jumanne ndiyo iliyokuwa imeota ukungu.

"Afande, nimekosea," akasema.

"Wote tumekosea. Piga simu hospitali upya, anzia Jumanne. Utalia ukimaliza." Inspekta akainuka. "Turbo, anaposema akapime, anapima wapi? Si kompyuta hizi zipo?"

"Hizi kubwa, hazimsaidii. Hoja yake ilikuwa juu ya kompyuta ndogo kabisa." Binti alikuwa ameanza kuzungukazunguka. "Mimi nilimbishia. Nikamwambia, Mzee, hakuna mtu duniani bado anatumia kitu kidogo namna hiyo. Akanijibu ipo moja. Nikamwuliza iko wapi, akacheka tu."

"Hakusema?"

"Mzee akishakushika pabaya hasemi, anakuacha uteseke."

Inspekta alitoka mpaka kwenye ngazi, akainama. "Mama Mkunga! Samahani, magoti yasamehe. Panda mara moja."

Mkunga alipanda, akishika ukuta. Inspekta hakumwambia lolote la Jumanne, maana alitaka jibu kabla ya kilio. Akamwuliza tu, "Mdogo wako ana kompyuta nyingine mahali popote? Ya zamani? Ndogo?"

"Mgonjwa wake?" mama akasema.

"Mgonjwa gani?"

"Si ile iliyoko kwenye pampu za maji za zamani, kule nyuma ya kiwanda. Aliifunga yeye miaka hiyo, ikawa inafungua na kufunga maji. Wenyewe wamehamia jengo jipya, lakini eti ile ya zamani bado wanaiacha ikisaidia. Mdogo wangu ana ufunguo wake mpaka leo. Akiaga utasikia, dada, naenda kumwona mgonjwa." Akawatazama mmoja mmoja. "Kwani vipi? Mbona mnaniangalia hivyo?"

Turbo alikuwa ameshavaa viatu.

*

Mlinzi wa pampu za zamani alikuwa mtu mwenye heshima na koti kubwa. Aliwapokea getini akasema jengo halina mtu, wakubwa walishahama, yeye analinda kuta.

"Umeanza zamu lini?" Inspekta akamwuliza.

"Jumanne jioni, mama Inspekta. Mwenzangu amekwenda likizo."

"Alikuambia kuna mtu ndani?"

"Aliniambia choo kimeziba. Hilo tu."

Walilizunguka jengo. Lilikuwa la zege tupu, halina dirisha hata moja, na ndani yake pampu zilizobaki zilinguruma mpaka ardhi ikatetema chini ya nyayo. Mlango ulikuwa wa chuma, wenye springi ya kujifunga. Chini, pembeni yake, kulikuwa na jiwe kubwa, na sehemu ya sakafu mbele ya mlango ilikuwa na mkwaruzo mweupe mahali jiwe lilipokuwa likikaa. Inspekta alichuchumaa akagusa mkwaruzo ule.

"Jiwe hili nani kaliondoa?"

"Mimi," mlinzi akasema, na hapo akaona kitu usoni mwa mpelelezi, sauti ikaanza kumpungua. "Nilipoanza zamu niliukuta mlango umewekewa jiwe, uko wazi. Nikaona si vizuri. Lakini niliita, mama! Wallahi niliita, nikasema kuna mtu humu? Hakuna aliyejibu. Nikajua hakuna mtu, nikafunga."

"Na ndani kuna kitasa?"

"Kilivunjika zamani. Ndiyo maana ya jiwe."

Mkunga alitoa sauti moja ndogo. Turbo alimshika kiuno. Inspekta alianza kuugonga mlango kwa ngumi zote mbili, akaita, akabandika sikio kwenye chuma. Alisikia pampu tu.

"Hajibu," mlinzi akasema, karibu kulia.

"Fungua," Inspekta akasema. "Asipojibu ndiyo kwanza ufungue."

Ufunguo uliingia, ukakwama, ukazunguka. Koplo akaurudishia mlango jiwe lake kwa mikono yake mwenyewe, akalikandamiza kwa mguu. Mngurumo ukawapiga usoni pamoja na harufu ya grisi. Mbele yao kulikuwa na ngazi za kushuka, giza tupu, na Turbo alikuwa ndiye mwenye tochi. Akamulika chini.

Mzee Breki alikuwa amelala chini kabisa ya ngazi, amejifunika koti, mguu mmoja umepinda vibaya. Karibu na kichwa chake bomba lilikuwa likivuja, tone baada ya tone, na chini ya bomba alikuwa ameweka kofia yake. Macho yake yalikuwa wazi. Mwanga ulipomfikia akainua mkono kuukinga.

Alhamdulillahi! Inspekta alilisema kwa sauti na hakuona haya. Mkunga, ambaye magoti yake hayakutaka ngazi za duka la viatu, alizishuka hizi kabla ya mtu yeyote, akapiga goti, akashika shingo ya mdogo wake kutafuta mapigo, akatazama midomo, akatazama mguu.

"Mjinga wewe," akasema huku analia. "Mjinga mkubwa. Unataka kuniacha na nani?"

"Dada," Mzee Breki akasema, sauti kama karatasi. "Usinigombeze mbele za watu."

Koplo alikimbia nje, mahali penye mtandao, kuita gari la wagonjwa. Wakamlowesha Mzee midomo, wakamwekea sweta la Inspekta chini ya kichwa. Alikuwa anaongea vizuri kuliko walivyotegemea, akitaka kueleza vipimo vyake vyote palepale, mpaka dada yake akamwambia akitaja vipimo tena atamvunja na ule mguu wa pili. Inspekta akainama karibu yake kwa sababu ya pampu.

"Mzee, shikamoo. Ilikuwaje?"

"Marahaba. Nilikuwa huku chini, nasikia mlango umefungwa kishindo. Nikapanda mbio kuuwahi, gizani, nikateleza." Akapumua. "Simu huku haishiki. Nikapiga kelele mpaka sauti ikaniisha, lakini nani atakusikia na pampu hizi zinanguruma? Baadaye nikaacha. Nikajiambia, ya nini kujichosha, Alhamisi saa sita si mbali."

"Kulikuwa na nini Alhamisi saa sita?"

"Wenzangu wangejua." Midomo yake iliyopasuka ilitabasamu. "Mimi huyu! Turbo alete jambo zito namna ile, muda ufike, nisiseme hata neno? Haijawahi kutokea. Nilijua palepale watashtuka. Watasema, huyu mzee hajapinga, amepatwa na jambo, twendeni tukamtafute. Jana mchana nikajisogeza karibu zaidi na ngazi, nisikie vizuri mlango ukifunguliwa."

Inspekta alitazama ukutani. Angeweza kulimaliza jambo lile kwa maneno yoyote, kwamba ndiyo, Mzee, ndivyo tulivyokupata, na kwa kiasi fulani isingekuwa uongo. Mzee alikuwa akiwatazama kwa furaha, akisubiri wamwambie jinsi walivyoshtuka.

Turbo akaiweka tochi kwenye ngazi. Akashuka hatua zilizobaki, akachuchumaa, akaushika mkono wa mzee kwa viganja vyake viwili.

"Tulifurahi, Mzee," akasema.

"Nini?"

Ikabidi aseme kwa nguvu, juu ya pampu. "Tulifurahi! Saa sita ilipofika hujapinga, tulipiga makofi."

Mzee Breki alimtazama. Tabasamu lake lilibaki pale kidogo, halijajua pa kwenda.

"Makofi," akasema. "Hata wewe?"

"Mimi ndiye niliyeanza."

Mzee akafumba macho. Dada yake akamvutia koti mpaka kifuani, na pale juu wakasikia Koplo akipiga kelele kwamba gari limefika. Mkono ule uliokuwa mikononi mwa Turbo, Mzee hakuutoa.